Mwongozo wa dharura kwenye simu ya mhudumu wa ambulensi: Unavyofanya kazi na unavyofaa kujaribiwa

BARABARA kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret huanza kupanda baada ya Salgaa, ikapita Migaa na Sachangwan na kufululiza hadi Mau Summit, na dereva yeyote aliyewahi kuteremka humo usiku huku trela likimfuata nyuma anaifahamu fika. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan. Wakazi na wapita njia walikimbilia kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, watu 36 wakapoteza maisha. Juni 30, 2023, lori liliparamia magari na wachuuzi katika makutano ya Londiani, ng'ambo ya mpaka wa Kaunti ya Kericho, na kuua watu 52. Upande wa kusini kuna Karai, karibu na Naivasha, ambako lori lililobeba shehena inayoshika moto upesi liliua watu wapatao 40 mnamo Desemba 10, 2016.

Mikasa ya aina hiyo hukumbukwa kwa idadi ya waliokufa. Yale yanayotendeka kabla manusura hawajafikishwa hospitalini huandikwa kwa nadra, ilhali hapo ndipo hatima ya wengi huamuliwa. Mtu wa kwanza mwenye ujuzi wa tiba kufika kando ya barabara kwa kawaida si daktari. Ni mhudumu wa ambulensi, awe wa kaunti, wa Shirika la Msalaba Mwekundu, wa St John au wa kampuni ya kibinafsi, akiwa na mwenzake mmoja ambaye, gari likishaondoka, huwa ameshika usukani. Nyuma hubaki mgonjwa, mhudumu, na yale ambayo mhudumu huyo anayakumbuka.

Makala haya yanahusu hilo la kukumbuka. Miongozo ya tiba iliyokuwa ikichapishwa vitabuni sasa inapatikana katika programu za simu, na baadhi ya programu hizo zimeanza kuwekewa sehemu maalumu ya dharura: ukurasa mmoja wenye vitufe vichache vikubwa, unaomwambia mhudumu afanye nini sasa hivi bila kumpitisha katika utangulizi, faharasa na maelezo ya magonjwa. Ni jambo linaloonekana jepesi. Hata hivyo, kurahisisha mwongozo wa tiba kunaweza kuokoa mtu na kunaweza kumuua, na tofauti baina ya hayo mawili hujulikana kwa majaribio, tena majaribio yanayofanywa mahali ambapo chombo chenyewe kitatumika.

Kutoka kijitabu hadi simu

Kenya si mgeni katika shughuli hii. Katikati ya miaka ya 2000, Wizara ya Afya ikishirikiana na watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust ilitoa kijitabu cha miongozo ya kimsingi ya kuwatibu watoto, kilichotoshea katika mfuko wa koti la daktari au muuguzi. Kurasa zake zilijaa chati za hatua kwa hatua na majedwali ya dozi kwa kufuata uzani wa mtoto. Kijitabu hicho kimefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo na kikaingia katika simu. Kiliandamana na mafunzo ya siku chache yaitwayo ETAT+, ambamo matabibu na wauguzi hufanyia mazoezi wanasesere badala ya kusikiliza mihadhara pekee.

Je, kijitabu kilisaidia? Swali hilo lilijibiwa kwa utafiti uliofanywa kati ya 2006 na 2008 katika hospitali 8 za wilaya nchini, matokeo yakachapishwa 2011. Hospitali 4 zilipewa kila kitu: miongozo, mafunzo, usimamizi, ripoti za mara kwa mara na mtu wa kuwahimiza wafanyakazi papo hapo. Hospitali 4 nyingine zilipewa msaada mdogo zaidi. Mwishoni mwa utafiti, watoto waliopewa kwinini kupita kiasi walikuwa asilimia 1 katika kundi la kwanza na asilimia 7.5 katika la pili. Waliopewa jentamaisini pungufu walikuwa asilimia 2.2 dhidi ya asilimia 9. Maji ya mishipa kwa watoto walioishiwa maji mwilini yaliagizwa kwa kiwango kinachotosha kwa asilimia 67.2 dhidi ya 40.6.

Takwimu hizo zina mafunzo mawili. Kwanza, karatasi nzuri ikishikwa na mtu aliyefunzwa hupunguza makosa ya dozi. Pili, hata pale palipotolewa kila kitu, karibu mtoto mmoja kati ya watatu aliyeishiwa maji hakuagiziwa maji ya kutosha. Karatasi haijitumii yenyewe.

Simu nayo ilijaribiwa mapema, hata kabla ya simu za kisasa kuenea. Katika utafiti mwingine uliochapishwa 2011, wahudumu wa vituo 107 vya afya vya mashambani nchini Kenya waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi yao wakawa wanapokea ujumbe mfupi wa maandishi mara mbili kwa siku kwa miezi 6, ukiwakumbusha namna ya kumtibu mtoto mwenye malaria. Ujumbe ulikuwa wa maneno machache mno, na uliambatana na msemo wa kutia moyo. Utoaji wa dawa kwa njia sahihi uliongezeka kwa alama 23.7 za asilimia mara baada ya jaribio, na miezi 6 baadaye, ujumbe ukiwa umeshakoma, ongezeko lilikuwa bado alama 24.5. Matokeo hayo yalipatikana kwa simu za kawaida, yakachapishwa mwaka uleule ambao Safaricom ilianza kuuza simu ya bei nafuu ya IDEOS, ambayo kwa Wakenya wengi ndiyo iliyokuwa simu ya kwanza ya kugusa skrini.

Baadaye Chuo Kikuu cha Oxford na washirika wao wa KEMRI-Wellcome Trust walibuni mchezo wa simu uitwao LIFE, unaomfunza muuguzi kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Shirika la Emergency Medicine Kenya Foundation nalo limetoa chati za huduma ya dharura zilizoandaliwa kwa mazingira ya hospitali za humu nchini. Kwa hivyo, malighafi ipo. Linalobaki ni namna ya kuiweka mbele ya macho ya mtu ambaye mikono yake imejaa damu.

Hesabu zinazoua

Wanaobuni programu mara nyingi hudhani kwamba kurahisisha ni kupunguza maneno. Sisi tunaohariri magazeti tuna uzoefu wa kupunguza maneno, na tunajua kwamba neno la kwanza kukatwa huwa ndilo lililobeba sharti: "isipokuwa", "baada ya", "kama". Katika habari, kosa hilo huleta malalamiko ya msomaji. Katika mwongozo wa tiba huleta msiba. Aidha, wingi wa maneno hauko mstari wa mbele miongoni mwa matatizo ya mhudumu wa ambulensi. Tatizo lake ni hesabu.

Tuchukue mtu aliyeungua, maana Sachangwan na Karai zimelifundisha eneo hili kuhusu moto kuliko kitabu chochote. Kwa miongo mingi maji ya mishipa kwa mtu mzima aliyeungua yamekadiriwa kwa kanuni ya Parkland: mililita 4, mara uzani wake kwa kilo, mara asilimia ya mwili iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 atahitaji mililita 7,200 kwa saa 24. Nusu yake, yaani 3,600, hutolewa katika saa 8 za kwanza, sawa na 450 kwa saa. Hadi hapo mwanafunzi yeyote wa sekondari atafaulu. Lakini saa hizo 8 huhesabiwa kuanzia wakati wa kuungua, si wakati ambulensi ilipofika. Ikiwa saa 2 zimekwisha kupita, zile mililita 3,600 zinapaswa kuingia katika saa 6 zilizobaki, na kiwango kinapanda hadi 600 kwa saa. Isitoshe, tangu 2018 mafunzo ya kimataifa ya kuwatibu majeruhi yanayojulikana kama ATLS humwanzisha mtu mzima na mililita 2 badala ya 4, kwa sababu ilionekana kwamba wagonjwa wengi walikuwa wakijazwa maji kupita kiasi. Mhudumu aliyehitimu kabla ya hapo ana nambari ya zamani kichwani.

Mtoto ni mtihani mkubwa zaidi. Miongozo ya Kenya hukadiria uzani wa mtoto asiyeweza kupimwa kwa kuongeza 4 kwenye umri wake kisha kuzidisha kwa 2. Mtoto wa miaka 3 atakuwa na kilo 14. Moyo wake ukisimama, adrenalini hutolewa mililita 0.1 kwa kila kilo, yaani mililita 1.4, ila kwa sharti kwamba dawa imechanganywa kwanza. Kichupa kilichoko sandukuni kina miligramu 1 katika mililita 1, na kinapaswa kuongezewa maji hadi mililita 10. Anayesahau hatua hiyo na kuvuta mililita 1.4 moja kwa moja kutoka vichupani atampa mtoto dozi mara kumi. Hakuna ishara yoyote itakayomwonya. Dawa zote mbili hazina rangi.

Mama mwenye kifafa cha mimba huhitaji gramu 4 za magnesiamu salfeti kupitia mshipa kwa kuanzia. Dawa iliyo na nguvu ya asilimia 50 huvutwa mililita 8, ikaongezewa mililita 12 za maji, na kutolewa polepole. Hesabu tena, huku gari likirukaruka kutoka Olenguruone kuelekea Molo.

Kwa hivyo, sehemu ya dharura inayostahili jina hilo humwondolea mhudumu hesabu. Inamwuliza umri, au inamtaka achague picha ya mtoto, kisha inamwonyesha mililita za kuvuta na namna ya kuchanganya, basi. Nchini Uingereza, wahudumu wa ambulensi hufuata miongozo ya kamati iitwayo JRCALC, ambayo kwa muda mrefu imekuwa na kurasa za umri: ukifungua ukurasa wa mtoto wa miaka 3 unakuta dozi zote za mtoto huyo zimekwisha kupigiwa hesabu. Mtindo huo ulianza katika karatasi na ukahamia simuni bila kubadilika sana. Ni busara kubwa, na haikuhitaji teknolojia.

Huko Uswisi, Hospitali za Chuo Kikuu cha Geneva zilibuni programu iitwayo PedAMINES kwa ajili ya kuandaa dawa za watoto wakati wa dharura. Ilijaribiwa kwanza na wauguzi, matokeo yakachapishwa 2019, kisha na wahudumu wa ambulensi, matokeo yakachapishwa 2021. Majaribio yote mawili yalitumia mtoto wa kuigizwa. Washiriki walipangwa kwa bahati nasibu, na programu ikalinganishwa na njia waliyoizoea. Makosa ya dozi yalipungua mno kwa waliotumia programu, na dawa ikaandaliwa upesi zaidi.

Saa nane ya nani?

Matokeo ya Geneva hayawezi kupakiwa kwenye ndege na kuteremshwa Nakuru yakiwa mazima. Mfano mmoja unatosha, na unatokana na lugha yetu wenyewe.

Jamaa wa mgonjwa aliyeungua ataulizwa, "Ameungua saa ngapi?" Atajibu, "Saa nane." Kwa msemaji wa Kiswahili hiyo ni saa nane mchana. Simu ya mhudumu, ambayo husoma saa kwa mtindo wa Kizungu, inaiita 14:00. Mhudumu aliyechoka, aliyefunzwa kwa Kiingereza na anayejaza kisanduku cha Kiingereza, anaandika 8:00. Ambulensi imefika saa kumi alasiri. Kwa kweli zimepita saa 2, na kiwango sahihi kwa kanuni tuliyoieleza ni mililita 600 kwa saa. Kwa hesabu ya simu zimepita saa 8 kamili, muda wa nusu ya kwanza umekwisha, na programu inagawanya mililita 3,600 kwa sifuri. Ama itakwama, ama itaonyesha kiasi cha kutisha. Hali ni hiyohiyo kwa kifungo kinachokazwa mguuni kuzuia damu, ambacho wakati wa kufungwa kwake huandikwa ili daktari ajue mguu umekaa bila damu kwa muda gani.

Mbunifu aliyeko Ulaya hatalijua jambo hilo. Wala mhudumu wa Nakuru hatalitaja akiulizwa katika warsha hotelini ikiwa programu inapendeza, kwa sababu yeye hubadilisha saa kichwani kila siku bila kujitambua. Litajitokeza tu pale mtu atakapoigiza jamaa mwenye wasiwasi na kulitamka neno "saa nane" kama linavyotamkwa. Tiba yake ni nyepesi: programu iulize "ni muda gani umepita?" badala ya "ilikuwa saa ngapi?", kisha iweke vitufe vya nusu saa, saa moja, saa mbili na kadhalika.

Mazingira ya majaribio

Mjini Nakuru, uliotunukiwa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, kuna kila kinachohitajika kwa hatua ya kwanza. Kuna Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kaunti, ambayo wenyeji wengi bado huiita PGH kwa sababu ilikuwa hospitali kuu ya mkoa wa Bonde la Ufa. Karibu nayo kuna kitivo cha sayansi ya afya cha Chuo Kikuu cha Egerton, na pia kuna tawi la chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC. Wanasesere wa mafunzo, walimu na wanafunzi wanapatikana.

Hatua hiyo ya darasani, ambapo mhudumu huketi na kusema kwa sauti anachofikiria huku akibonyeza, hufichua matatizo ya maneno na mpangilio. Ni ya lazima, lakini ndiyo nyepesi kuliko zote. Miradi mingi huishia hapo, ikapiga picha na kutangaza ufanisi.

Hatua inayofuata inapaswa kuwa ndani ya gari linalokwenda. Kidole kinachogusa kitufe kwa usahihi mezani hakigusi vivyo hivyo gari likipita matuta ya Salgaa. Glavu iliyolowa damu au mvua huifanya skrini isiitike kabisa, au iitike pasipoguswa. Mwangaza wa simu unaosomeka vizuri usiku wa ukungu kule Mau Summit hausomeki adhuhuri ya Marigat. Ziko sehemu za Kuresoi, Solai na miteremko ya kwenda Baringo ambako mawasiliano hukatika, hivyo basi programu inayodai intaneti au neno la siri kabla ya kufunguka haifai hata kujaribiwa. Na simu yenyewe mara nyingi ni ya mhudumu binafsi, ina ufa kwenye kioo, chaji imebaki kidogo, na katikati ya kumkandamiza mtu kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika itapokea ujumbe wa kampuni ya kamari. Sehemu ya dharura lazima izime arifa zote. Je, izime na simu zinazopigwa? Pengine anayepiga ni msimamizi anayetaka kumwelekeza hospitali yenye nafasi. Maswali kama hayo hayajibiwi na mhandisi peke yake.

Lipo pia la umma. Katika ajali zetu watu hujaa upesi, wengine kusaidia na wengine kupora. Mhudumu anayetoa simu na kuitazama huku majeruhi akigaragara chini huweza kudhaniwa anapiga picha au anapiga soga. Kwa sababu hiyo, mpango mzuri wa majaribio huweka watazamaji wa kuigiza, tena wenye kelele, na huchunguza kama mhudumu huificha simu kwa aibu. Suluhisho mojawapo ni kuifunga simu ukutani ndani ya ambulensi, au kuifanya itamke hatua kwa sauti. Kwa lugha gani? Wahudumu wamefunzwa kwa Kiingereza na majina ya dawa ni ya Kiingereza, lakini maagizo ya kumpa msaidizi aliyeokotwa njiani ("bonyeza hapa, usiachilie") yatakuwa ya Kiswahili. Nionavyo, programu iwe na zote mbili kwenye skrini moja: dozi kwa istilahi za kitaalamu na amri za msaidizi kwa Kiswahili chepesi. Kumlazimisha mhudumu achague lugha kwanza ni kumwongezea mlango wa kufungua.

Kipi kipimwe

Baada ya jaribio, washiriki huulizwa kama waliridhika. Karibu wote husema ndiyo. Mtu aliyepewa simu, chai na nauli atasema ndiyo. Jibu hilo lina manufaa madogo sana.

Vya kupima ni vingine. Zilipita sekunde ngapi tangu kuamua kufungua programu hadi tendo la kwanza lililo sahihi kwa mgonjwa? Dozi iliyovutwa ilitofautiana kwa kiasi gani na dozi inayotakiwa, na ni mara ngapi kosa lilikuwa la mara kumi? Mikono iliondoka kifuani kwa muda gani wakati wa kutazama skrini? Mhudumu yuleyule apimwe akiwa na programu na akiwa na kijitabu, na nusu yao waanze na kijitabu, la sivyo mazoezi ya mara ya kwanza yataonekana kuwa sifa za simu. Baadhi yao wapimwe mwishoni mwa zamu ya usiku. Wa Naivasha, Gilgil na Molo wahusishwe sawa na wa mjini, kwa kuwa safari zao ni ndefu zaidi.

Kuna kipimo kimoja ambacho husahaulika, nacho ni cha kuipinga programu yenyewe. Mhudumu akiandika kilo 41 badala ya 14 kwa mtoto wa miaka 3, programu inapaswa kushtuka na kumwuliza. Vilevile, mtafiti anapaswa kupenyeza kosa la makusudi katika ukurasa mmoja, wakati wa kuigiza tu, aone ni wangapi wataligundua. Mtu akizoea kupewa jibu huacha kulihoji. Ikiwa wengi watavuta dozi isiyo na mantiki kwa sababu simu imesema, basi sehemu hiyo imerahisishwa kupita kiasi, na inahitaji kuonyesha hesabu yake kwa mstari mmoja ili jicho lipate cha kukagua.

Hata hivyo, ujuzi kuongezeka hakumaanishi moja kwa moja kwamba vifo vimepungua. Nchini Ethiopia, programu ya simu ya uzazi salama iliyobuniwa na shirika la Denmark la Maternity Foundation ilijaribiwa katika vituo 73 vya afya, matokeo yakatolewa 2016. Ujuzi wa wakunga katika kumsaidia mtoto mchanga na kuzuia damu uliongezeka waziwazi. Vifo vya watoto vilikuwa 14 kwa kila uzazi 1,000 walikokuwa na programu na 23 wasikokuwa nayo, lakini tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kuwa ushahidi. Waliofanya utafiti huo walilisema hilo wazi, na ni heshima kwao.

Kwa upande mwingine, utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa Mei 2023 ulionyesha matokeo makubwa bila simu yoyote. Ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukahusisha wanawake 210,132. Mama alilazwa juu ya mfuko wenye alama za kupima damu ili uvujaji utambuliwe mapema, na mara damu ilipozidi, hatua zote za tiba zilichukuliwa kwa pamoja badala ya kusubiriana moja baada ya nyingine. Uvujaji mkubwa na madhara yake ulipungua kwa asilimia 60. Huko ndiko kurahisisha kwa kweli: kuondoa haja ya kuamua ni lipi litangulie. Programu yoyote itakayotaka kumsaidia mama anayevuja damu njiani kutoka Kuresoi ingefaa kuiga mpangilio huo, kitufe kimoja kikifungua hatua zote pamoja na saa ya kuhesabu dakika.

Sheria na wajibu

Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 iliongeza kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, na kituo chenye uwezo kinachokataa kuyatoa kinaweza kutozwa faini isiyozidi Sh3 milioni. Wizara ilitoa pia sera ya huduma za dharura ya 2020 hadi 2030. Kwa hivyo, mhudumu wa ambulensi ni sehemu ya haki hiyo, si mchukuzi wa machela tu.

Hilo lina uzito kwa wanaotaka kufanya majaribio. Hatua ya kutumia programu kwa wagonjwa halisi haiwezi kuanza kwa makubaliano ya mdomo na msimamizi wa ambulensi. Inahitaji idhini ya kamati ya maadili na kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Maelezo ya afya ya mgonjwa yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ukurasa wa dharura hauhitaji jina la mtu wala nambari ya kitambulisho. Umri na dalili vinatosha. Programu inayodai zaidi ya hapo wakati mtu anakata roho ina lengo jingine. Kijitabu cha karatasi nacho kinapaswa kubaki sandukuni katika kipindi chote cha majaribio, na kila kosa liandikwe bila kumtafuta wa kuadhibiwa, la sivyo hakuna kosa litakaloandikwa.

Swali gumu huja baadaye, ufadhili ukiisha. Miongozo hubadilika, kama tulivyoona katika mililita 4 na 2. Kila toleo linapaswa kuwa na tarehe inayoonekana kwenye ukurasa wenyewe, pamoja na daktari au taasisi iliyoliidhinisha, na siku ambayo litakoma kutumika iwapo halijakaguliwa upya. Tangu 2013 huduma za afya zimekuwa mikononi mwa kaunti, na ambulensi ya Nakuru huvuka hadi Baringo, Kericho, Nyandarua na Narok kila inapobidi. Mhudumu wa Molo akimkabidhi majeruhi kwa mwenzake wa Londiani, ni lazima wote wawili wawe wanasoma ukurasa mmoja wenye tarehe moja. Hilo litaamuliwa na maafisa wa afya wa kaunti hizo wakiketi pamoja, na linaweza kuamuliwa kabla hata ya simu moja kununuliwa.